Jiwe la Kusagia Lilikwenda Likizo

Nekoye hakuhitaji jogoo wa kumwamsha. Kiuno chake kilitosha. Kila alfajiri kilianza kuuma kabla macho hayajafunguka, naye akajua kwamba siku imeingia na kazi zake zote zimeingia nayo.

Aliishi nje kidogo ya mji wa Bungoma, ng'ambo ya reli, miaka ile ya hamsini wakati Waingereza bado wanatawala. Mumewe, Jairus Mukhisa, alikuwa karani katika ghala la mahindi karibu na stesheni. Walikuwa na binti mmoja, Wilkista, aliyekuwa ameanza shule. Mama yake Jairus, mjane aliyeitwa Nasambu, aliishi nao katika boma hilo hilo. Watu walimsifu Jairus kwa shati lake jeupe lisilokuwa na kunyanzi. Hakuna aliyeuliza ni nani analifua, na ni nani anayechota maji ya kulifulia.

Maji yalikuwa mtoni, bondeni. Kushuka kulikuwa rahisi. Kupanda na debe kichwani ndiko kulikomaliza nguvu za Nekoye. Akifika nyumbani alikamua ng'ombe, akapika uji, akafagia ua, akaenda shamba, akarudi na kuni. Halafu, mtu akidhani sasa ataketi, lilikuwa linamngoja jiwe.

Lilikuwa jiwe la kusagia. Nasambu alipewa na mama yake alipoolewa, na katikati lilikuwa limelika kwa kusaga miaka mingi. Mjini kulikuwa na kinu cha mashine. Nasambu hakukitaka.

"Unga wa mashine unanuka mafuta," alisema. "Mimi sitakula mafuta ya gari nikiwa na mkaza mwana nyumbani."

Basi Nekoye alipiga magoti kila siku na kusaga wimbi na muhogo mkavu. Alisaga akiwa mzima, alisaga akiwa na homa. Na mwaka huo alisaga akiwa mjamzito.

Mimba hiyo ilimtia hofu. Mwaka uliotangulia alikuwa na nyingine, na ile ikatoka kabla ya wakati wake. Mtoto alikuwa wa kiume. Walimzika nyuma ya nyumba bila maneno mengi, na kesho yake Nekoye akachukua debe, maana maji hayakuwa na msiba. Tangu hapo hakuna aliyelitaja jambo hilo. Yeye mwenyewe alilibeba kila alikokwenda.

Sasa mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tano. Miguu ilikuwa mizito. Akiinuka ghafla, macho yaliingia giza. Siku moja alianguka mlangoni na kibuyu cha maziwa, na Jairus akaogopa akampeleka kliniki.

Muuguzi alimvuta kope la chini na kutazama. Akatazama na viganja.

"Damu yako ni kidogo, mama," alisema. "Nitakupa tembe za kuongeza damu. Na upumzike. Umesikia? Upumzike."

Nekoye alisikia. Alitoka na neno hilo moja, wala hakujua aliweke wapi. Katika boma lao hapakuwa na mahali pake. Mwanamke aliyeketi mchana alitafutiwa jina, na jina hilo halikuwa zuri.

Jairus alilifikiria neno hilo kwa namna yake. Alikuwa mtu mwema, tena alimpenda mkewe. Lakini alikuwa mtu wa ghala, na katika ghala kila kitu hununuliwa. Aliona kwamba kama kupumzika hakupo nyumbani, basi lazima kunauzwa mahali fulani. Jumapili moja akasikia tangazo kanisani. Karibu na Kitale, kanisa moja lilikuwa limenunua shamba la mzungu aliyerudi kwao, na ndani yake likajenga vijumba. Likapaita Kijiji cha Mapumziko ya Jamaa. Mtu angeweza kwenda huko na mke na watoto wakati wa livu, likizo ya kazini, akalipa, akakaa.

"Tutaenda," Jairus akatangaza jioni hiyo. "Nina ile pesa ya baiskeli. Itatosha wiki mbili."

Nekoye aliacha kumenya viazi. "Pesa ya baiskeli? Si umeiweka tangu Wilkista hajaota meno?"

"Baiskeli itangoja. Wewe huwezi kungoja."

Maneno hayo yalimgusa Nekoye hata akainamia viazi asionekane. Lakini Nasambu aliyasikia kwa sikio lingine.

"Ati ulipe pesa ili mtu alale?" aliuliza. "Kwani hapa hakuna pa kulala?"

"Mayi, muuguzi amesema apumzike," Jairus alimwambia mama yake.

"Mimi nilipumzika wapi? Nilikuzaa wewe mchana, jioni nikapika." Akatafuna midomo. "Haya. Lakini mama haachwi nyumbani peke yake na watoto wake wanakwenda kula raha. Mimi pia nitaenda."

Hakuna aliyembishia. Kwao mtoto hakuwa na mdomo wa kumwambia mama yake abaki. Ng'ombe waliachiwa jirani yao Wanjala, mfanyakazi wa reli. Asubuhi ya safari Jairus alikuta sanduku lake la nguo mlangoni, na kando yake kiroba cha wimbi, kiroba cha muhogo, chungu, mwiko, na jiwe la kusagia limefungwa kwa gunia.

"Mayi! Hata jiwe?"

"Sijui watu wa huko wanakula nini," Nasambu alijibu. "Jiwe langu nalijua."

Basi la Kitale lilipofika, taniboi, kijana wa mizigo, alilivuta gunia akashindwa. "Mama, umebeba nini humu? Maiti?"

"Pandisha juu, bana, usiulize uliza," Nasambu akamwambia.

Wilkista alicheka mpaka Kimilili. Nekoye hakucheka. Alitazama nje dirishani, mahindi yakipita, naye akawaza kwamba lile jiwe juu ya paa lilikuwa linakwenda kumngoja kule anakokwenda.

Kijiji kilikuwa kizuri, asitokee mtu akasema kwamba Jairus alidanganywa. Vijumba vilipakwa chokaa, kila kimoja na baraza yake. Kulikuwa na nyasi zilizokatwa, na mikaratusi mirefu. Asubuhi, mawingu yakiondoka, Mlima Elgon ulionekana wote. Bomba la maji lilikuwa pale pale karibu na mlango. Nekoye alilifungua, akalifunga, akalifungua tena. Maji yalitoka yenyewe. Alisimama akiyatazama mpaka Wilkista akamvuta leso.

Mwangalizi wa kijiji aliwapokea. Aliitwa Jerono, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, mzaliwa wa Cheptais, kwenye miteremko ya mlima huo. Alikuwa amesomea ukunga na kufanya kazi hospitalini miaka mingi kabla ya kuja hapo.

"Karibuni," alisema. "Chakula kinapikwa jikoni na Gicheru. Kengele ikilia, mnakuja. Nguo mnaweka kwa kikapu, zitafuliwa."

"Na mimi nifanye nini?" Nekoye aliuliza.

"Wewe ukae."

Nekoye alicheka. Alidhani ni mzaha.

Huyo Gicheru alikuwa mwanamume wa makamo aliyewapikia askari wakati wa vita huko Burma. Kengele ilipolia jioni hiyo, Nasambu alimwona akitoka jikoni na aproni, amebeba sinia la ugali. Akasimama pale pale kwenye nyasi.

"Mwanamume ndiye amesonga huo ugali?"

"Ni mimi, mama," Gicheru akajibu kwa heshima. "Karibu."

"Asante. Nimeshiba." Akageuka akamtazama Nekoye. "Mama Wilkista, washa moto."

Hapo ndipo likizo ya Nekoye ilipoishia, hata kabla haijaanza. Nyuma ya kijumba alipanga mafiga. Akafungua gunia. Akapiga magoti. Jairus alirudi kutoka chakulani ameshiba, akaketi barazani na gazeti, akanyoosha miguu.

"Unapumzika, mama Wilkista?" aliita.

Sauti ya jiwe ilikuwa ikisikika wazi. Krr, krr. Jairus aliizoea sauti hiyo tangu tumboni, na kitu ulichokizoea hukisikii. Nekoye alikasirika, lakini uchovu wake ulikuwa mkubwa kuliko hasira. "Ninapumzika," alijibu.

Kesho yake ikawa vile vile. Nasambu hakupenda maji ya bomba, akasema hayana ladha, kwa hiyo Nekoye alitafuta kijito chini ya mikaratusi akachota huko. Hakutaka nguo zake zifuliwe na mtu asiyemjua ukoo, kwa hiyo Nekoye alifua. Wake wa jamaa wengine walikuwa wameketi barazani wakisukana nywele. Walimtazama akipita na debe, wakafikiri ameajiriwa pale.

Siku iliyofuata ilikuwa ya tatu. Nasambu aliota jua mlangoni, akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumelala kwa watu siku mbili."

"Mayi, si tumelipa?" Nekoye alisema.

"Nani aliwahi kulipa ili asifanye kazi? Watu watasema mke wa Mukhisa ni mvivu, amekuja kulala mpaka Kitale. Wewe omba jembe. Palilia hata kidogo, waone."

Nekoye alikwenda jikoni akaomba jembe. Gicheru alidhani hakusikia vizuri.

"Jembe la nini, mama?"

"Nipalilie kabichi zenu."

"Watu huja hapa kuliacha jembe, wewe unalitafuta?" Akacheka, akakuna kichwa. Lakini mgeni akiomba hanyimwi. Akamwonyesha lilipo.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Nekoye alipalilia tuta la kwanza, akapalilia la pili. Alipoinama kung'oa mzizi, kiuno kikamkata ghafla, kikali kuliko siku zote. Aliinuka. Mlima ukaingia giza, na mikaratusi ikaingia giza. Alipofungua macho alikuwa amelala kati ya kabichi, na mkono wa Jerono ulikuwa shingoni mwake.

"Usiinuke," Jerono alisema. "Tulia hivyo hivyo."

Kwenye leso palikuwa na doa la damu. Nekoye aliliona kabla Jerono hajalifunika. Hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Tena," na neno hilo likamtoka kama pumzi.

Gicheru na Jairus walimbeba mpaka chumba cha Jerono. Akalazwa kwa ubavu, mto ukawekwa katikati ya magoti. Jerono alimfunika, akampa maji, akaweka mkono juu ya tumbo lake.

"Mtoto alicheza leo?"

"Asubuhi sikusikia. Nilikuwa na kazi."

"Basi sasa huna kazi. Sikiliza."

Wakasikiliza wote wawili. Nje kengele ya chakula ililia na watu wakapita wakizungumza. Nekoye alingoja. Hakuna kitu alichowahi kukingojea namna ile, hata mvua mwaka wa njaa. Jerono hakumwambia asiogope. Alikaa naye tu, mkono ukiwa palepale. Halafu, muda mrefu baadaye, kitu kikagonga kidogo upande wa kushoto, kama kidole nyuma ya pazia.

"Huyo," Jerono alisema.

Nekoye akalia sasa, akalia kwa sauti, akamlilia na yule wa mwaka jana ambaye hakupata kumlilia.

Damu ilikoma kabla ya jioni. Jerono alitoka akawakuta Jairus na Nasambu wameketi barazani. Akavuta kigoda.

"Mtoto bado yuko," alisema. "Lakini nitawaambia ukweli. Huyu mama akiendelea hivi, hamtamwona huyo mtoto. Na pengine hata yeye mwenyewe hamtamwona tena."

Jairus alishika kichwa. "Lakini mimi nimemleta apumzike! Nimelipa pesa yote!"

"Umelipa mahali," Jerono alijibu. "Kazi yake umeibeba ukaja nayo. Nimeona jiwe la kusagia nyuma ya nyumba yenu. Nimekaa hapa miaka mitatu, watu wamekuja na kuku, wamekuja na redio. Jiwe ni nyinyi wa kwanza."

Siku nyingine Jairus angecheka.

"Nisikilizeni vizuri," Jerono akaendelea. "Mwanamke mwenye mimba anatengeneza mtu kwa damu yake mwenyewe. Huyu damu yake ni kidogo. Hiyo kidogo, debe linaichukua, jembe linaichukua, jiwe linaichukua. Mtoto anabaki na nini? Asibebe kitu kizito. Kazi ndogo za kuketi, sawa. Mchana alale kwa ubavu. Ale maharagwe, mboga za majani, maini ikipatikana, mayai. Tembe za kliniki ameze kila siku, asiziache hata kama anajisikia vizuri."

"Mayai?" Nasambu alifungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Kwetu mwanamke hali kuku wala mayai."

"Hata kwetu mlimani wazee walikuwa na miiko yao, Kogo." Alimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Mimi nimekula mayai, nikazaa, watoto wanatembea. Na mkirudi nyumbani, akitoka damu tena, ama kichwa kimpasue, ama uso na mikono ivimbe, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo."

Nasambu alitazama mikono yake. Ilikuwa na sugu za zamani ambazo hazikutoka hata alipoacha kusaga.

"Mimi nilisaga kwa mimba zote," alisema. "Hakuna aliyeniambia niache."

"Na watoto, Kogo?"

Yule mzee alizifikicha zile sugu kwa kidole gumba. "Niliowazaa ni wengi kuliko niliowalea," akasema. "Tuliambiwa ni uchawi. Tulihama boma kwa ajili hiyo. Kumbe jiwe nililibeba nikahama nalo."

Jairus alimtazama mama yake. Hakuwahi kusikia habari hiyo.

"Kama mtu angekuambia wakati ule upumzike," Jerono alimwuliza pole pole, "ungekataa?"

"Nikatae?" Nasambu akatikisa kichwa. "Ningelala hapo hapo chini."

Kisha Nasambu akainuka kwa taabu, akashika ukuta, akaelekea jikoni. Gicheru alimwona akija akaogopa.

"Kuna ugali umebaki?" Nasambu aliuliza.

"Upo, mama."

Akaketi akala. Aliutia mdomoni akautafuna kwa makini, Gicheru akimtazama. "Chumvi ya mboga imezidi," alisema mwisho. Halafu akasogeza sahani mbele. "Ongeza kidogo."

Siku zilizobaki Nekoye alilala. Mwanzoni hakuweza. Alishtuka kila mara akidhani ameitwa. Mwili wake ulikuwa umesahau kazi hiyo ya kulala. Wilkista alimletea yai lililochemshwa kila asubuhi, na Nasambu aligeuza uso pembeni asione likiliwa, lakini yeye ndiye aliyelimenya.

Siku moja kabla ya kuondoka, Jairus alimfuata Jerono pale bombani.

"Mama, niambie ukweli. Pesa yangu ilipotea?"

Jerono alifunga bomba. "Hapa tunauza kupikiwa, kuchotewa maji na kulala mchana. Kama hivyo viko nyumbani kwako, kaa nyumbani. Kama haviko, siku chache hapa hazimfai mkeo. Mimba ni miezi tisa, livu yako ni wiki mbili. Hiyo miezi mingine nani atamchotea maji?"

Jairus alitazama tone la mwisho likidondoka bombani.

"Wengi huja hapa," Jerono akasema, "mke anarudi amenenepa kidogo, na wiki moja baadaye amechoka kama kwanza. Sisi hatuwezi kuwarudishia pesa. Lakini ukiondoka hapa unajua kuchota maji, hukupoteza kitu."

Walirudi na jiwe juu ya basi, maana Nasambu alikataa kuliacha. Nekoye aliliona likipandishwa. Njia nzima aliogopa kuuliza. Walipofika nyumbani, Nasambu alimwambia mwanawe aliweke karibu na mlango, chini ya paa. Kisha akamwambia aligeuze, tumbo lililolika liangalie chini. Upande wa chini ulikuwa bapa. Akatandika gunia juu yake.

"Keti hapo," alimwambia Nekoye. "Mimi nitapika. Mkono wangu haujasahau."

Nekoye akaketi. Aliketi wima, kama mtu aliyealikwa kwa wakubwa, tayari kuinuka wakati wowote. Hakuna aliyemwinua.

Mtu asidhani mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Alfajiri ya kwanza Jairus alichukua debe akashuka mtoni kabla ya kwenda ghalani. Wanawake waliokuwa huko walimtazama, halafu wakaangua kicheko. Alirudi shati limelowa, nusu ya maji yamemwagika njiani. Wanjala, yule jirani wa reli, alimwita kutoka uani kwake.

"Karani! Mulembe! Siku hizi umeolewa?"

"Mulembe, bwana," Jairus aliitikia salamu, akaendelea kupanda. Masikio yalimwaka. Jioni aliwaza kuacha. Alfajiri alishuka tena. Alikuwa amepanda kilima kile mara moja tu na debe, na kiuno chake mwenyewe kikamweleza habari ambazo mkewe hakupata kumwambia miaka yote ile.

Jumamosi alibeba mahindi mpaka kinu cha mashine, kwa miguu, kwa sababu baiskeli haikuwepo. Nasambu alinusa unga ule, akasema unanuka, akausonga. Wilkista aliokota kuni ndogo ndogo akitoka shule. Nekoye alichambua maharagwe akiwa ameketi, akameza tembe zake, na mchana akalala kwa ubavu. Kila mwezi Jairus aliomba ruhusa kazini akampeleka kliniki. Siku nyingine walichoka wote, wakagombana. Siku nyingine Nasambu alinung'unika kutwa kwamba moshi unamwua. Lakini debe halikurudi kichwani pa Nekoye.

Mtoto alifika wakati wa kuvuna mahindi. Alifika kwa miezi yake kamili, msichana, analia kwa sauti ya mtu mwenye madai. Wakamwita Nekhesa, jina la waliozaliwa wakati wa mavuno. Nasambu alimpokea mikononi, akamgeuza huku na huku akimchunguza.

"Huyu tutamlea," alisema.

Jumapili moja baada ya kanisa, Wanjala alikuja kuwatazama. Alimkuta Nekoye ameketi juu ya jiwe chini ya paa, mtoto yuko kifuani. Alimkuta Nasambu akipepeta maharagwe, na Jairus akipasua kuni.

"Nilitaka kuuliza kitu," Wanjala alisema. "Livu yangu inakaribia. Mke wangu amechoka, anasema viungo vyote vinauma. Kila siku ananiimbia ile Kitale yenu. Hebu niambie, ile pesa ilikuwa na faida, ama ulitupa?"

Jairus aliweka shoka chini, akafuta jasho. "Pahali ni pazuri, sitadanganya. Wanapika vizuri. Lakini ingekuwa leo, ningenunua baiskeli kwanza, nifunge madebe nyuma, nichote maji. Halafu pesa ikibaki, tuende tukatazame mlima."

"Kwa hivyo ulitupa."

"Sikutupa. Huko ndiko nilikosikia jiwe likilia. Hapa nyumbani nilikuwa kiziwi."

Wanjala hakuelewa. Akamgeukia Nekoye. "Na wewe mama Wilkista, unasemaje?"

Nekoye alifikiri. Alikuwa bado amechoka, maana mtoto mchanga hamwachi mtu alale. Lakini uchovu huo aliujua mwisho wake.

"Mke wako amekwambia amechoka," alisema. "Mimi sikusema. Usingoje livu."

Wanjala akakohoa, akacheka kidogo, akatafuta mahali pa kukaa ili jambo hilo lizungumzwe kwa starehe. Aliona jiwe ni refu, nafasi ipo. Akainama aketi pembeni.

"Hapo ni pa Nekoye," Nasambu alisema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Wanjala akasimama haraka. "Samahani, mama. Basi nikae wapi?"

"Wewe hujachoka. Debe liko pale karibu na mlango, na mto unaujua. Chota moja uone, halafu umpelekee mke wako."

Wanjala alimtazama Jairus, akitumaini kwamba mwanamume mwenzake atamwokoa. Jairus alikuwa ameshachukua shoka tena. Basi Wanjala akavua koti lake la kanisani, akalitundika mtini, akachukua debe. Walimsikia akishuka bondeni, debe likigonga goti lake.

Nekoye aliegemeza kichwa ukutani, mtoto amelala juu yake. Akafumba macho mchana kweupe, na hakuna aliyemwita.